Nilivyomfundisha Mama Kusoma

Baba yangu alifundisha nusu ya Kamachumu kusoma, na hiyo nusu nyingine ilifundishwa na watu aliowafundisha yeye. Siku tulipomzika, wanafunzi wake wa zamani walijaa uani mpaka wakakanyaga maharage ya jirani, kila mmoja na kisa chake cha fimbo. Padri alisema marehemu alikuwa taa. Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni, miguu ameinyoosha, na hakuweza kusoma jina la marehemu lililoandikwa kwenye msalaba wake.

Nyumba ya mwalimu, na mke hajui A. Hatukuwahi kulizungumza. Baba alikuwa anarudi mchana, anatundika koti lenye kalamu mbili mfukoni, anauliza chakula. Hakuwa mtu mbaya. Mama mwenyewe alimtetea: mtu anayeshinda hotelini anapikia watu, alisema, ukimwona nyumbani kwake anakula viporo usishangae. Sisi wanawe wawili tulikuwa wageni wa hoteli. Yeye alikuwa wa nyumbani.

Na mimi ndiye mkubwa wa hao wawili. Kaka hatuna, na hilo mliweke akilini kwa sababu ndiyo habari yote. Nilifika kidato cha nne, nikapata matokeo ambayo mzazi hayasimulii njiani. Nikaolewa Bukoba mjini, nikarudi. Tangu nirudi sijaona sababu ya kutoka tena. Mdogo wangu, aliyepanga chumba Kashai hukohuko mjini na ana kibanda cha kuuza nguo za watoto, anasema mimi nikienda sokoni Kamachumu naaga kama ninayekwenda Ulaya. Anatia chumvi, lakini si nyingi. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama kwenye kibanja, shamba letu la nyumbani, asubuhi, na mchana kusoma vitabu vya sanduku la baba, kimoja baada ya kingine, nikianza upya vinapokwisha. Kwa ajili hiyo watu waliniita Profesa. Nilijifanya linaniudhi jina hilo.

Siku ya nne ya msiba, baba mdogo alikuja na daftari. Baba mdogo ni mdogo wa baba wa kufuatana, mfanyabiashara wa dagaa, mtu wa kwenda kisiwani Bumbire na kurudi. Ningependa kusema ana sura ya mwizi, ingenirahisishia kuandika, lakini ana sura ya baba. Ana sauti nzuri pia. Alimwambia mama kwamba ukoo unaandika waliohudhuria msiba, ili siku nyingine tujue wa kuwarudishia heshima, akamletea kile kidude cha wino. Mama akaweka kidole. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nimejifungia na sanduku, kwa sababu watu walikuwa wengi na mimi watu wengi wananichosha. Nilisikia sauti yake kupitia ukuta. Nilifungua ukurasa mwingine.

Wiki chache baadaye tukaona nguzo kwenye rweya, lile eneo la nyasi chini ya nyumba tulikokuwa tunakata nyasi za kufunikia migomba. Mama akaenda kuuliza. Akaonyeshwa daftari. Kidole chake kilikuwa chini ya maneno ya kwamba rweya imerudi kwa ukoo kwa ridhaa ya mjane, na msimamizi wake ni baba mdogo.

Alirudi nyumbani. Siku nzima alifanya kazi zake za kawaida, akamenya ndizi, akalisha mbuzi. Jioni aliniita jikoni, akanyoosha kidole gumba mbele ya moto akakitazama kama kitu alichookota.

"Misa ya mwaka ikishapita watakaa tena," akasema. "Watagawa na kibanja. Safari hiyo sitaki kidole, waitu, mwanangu. Nataka macho."

Kibanja chetu kina sehemu mbili. Ya chini, inayozunguka nyumba, ni migomba na makaburi. Ya juu ni kahawa. Migomba inakulisha, lakini kahawa ndiyo inayokufanya usimpigie mtu magoti. Mume amekufa, mtoto wa kiume hakuna, na binti aliyerudi kutoka kwa mume hahesabiwi: kila mtu katika ukoo alikuwa anaitazama kahawa ya juu kama nyama iliyoachwa bila mfuniko. Mama alikuwa na karibu mwaka mmoja wa kujifunza kusoma kabla hawajaleta karatasi nyingine. Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Nilimpeleka kwenye sanduku achague kitabu mwenyewe. Bado naona fahari ya ile siku, na ninaichukia fahari hiyo. Akapekua akatoa kimoja kisicho na jalada, kimeliwa na mchwa pembeni, kwa sababu ndani kulikuwa na picha ya mwanamke anasukasuka maziwa. Sisi tunasukia kwenye kibuyu, yule alikuwa na pipa, lakini mama alimtambua mara moja. "Huyu anatafuta siagi," akasema. Basi kikawa hicho.

Kilikuwa kitabu cha zamani, kimetafsiriwa kwa Kiswahili kikavu kama kola ya baba, na kilisimulia habari za Amerika ilipokuwa bado changa. Nyumba za magogo katikati ya msitu, baridi ya kuua, na katika kila nyumba kitabu kimoja au viwili, basi. Watu walijifundisha herufi wenyewe mbele ya moto, kwa kitabu kilekile, mpaka kinachakaa. Wakishakimaliza wanakirudia. Kutoka kwenye nyumba hizo, kitabu kilisema, wakatoka mafundi, wahubiri na watunga sheria. Yule mwenye pipa la maziwa alikuwa mjane aliyefiwa na mume msituni, akajifunza kusoma peke yake kwa kitabu cha marehemu, majirani wakawa wanamletea barua zao awasomee.

Mnaona mtego ulivyokuwa umetegwa vizuri. Mjane, kitabu cha marehemu, na mimi nimekaa pembeni nimejaa moyo. Nilimtangazia mama kwamba hatuhitaji darasa la watu wazima, hatuhitaji vitabu vya watoto vyenye picha za kuku. Kitabu kimoja kikubwa, tukisome mpaka kiishe, ndivyo wenye akili walivyofanya. Mama akasema sawa. Alikuwa ameishi na mwalimu, anajua mwalimu akishasema hivyo hazungumziki.

Tulisoma saa nne asubuhi akitoka kwenye migomba, tumekaa kwenye mkeka nyuma ya jiko. Nilimwonyesha herufi kwa siku kadhaa, akazijua, akajifunza na kuandika jina lake kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia nyama. Hayo ya herufi yalinichosha haraka. Nikaingia kitabuni. Nasoma sentensi, yeye anaweka kidole chini ya maneno anaifuata. Narudia, anarudia. Kesho tunaanza tulipoanza jana, tunaongeza kidogo.

Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo na hakuna aliyeniambia nisifanye. Ndivyo nilivyofundishwa mimi mafundisho ya Komunyo, na ndivyo alivyofundishwa mama kabla yangu. Katekista anasimama na kitabu, anasema, mnasema. Anauliza swali, mnajibu wote kwa pamoja kwa ule wimbo wake, na anayejibu bila kukwama amejua. Mama alipata Kipaimara kwa njia hiyo akiwa binti mdogo na mpaka leo hajasahau jibu hata moja. Kichwa cha mama kina nafasi kama ghala la chama cha msingi. Mimi nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote, na halikunisaidia chochote.

Kahawa ilipochanua alikuwa amemaliza kurasa mbili. Ilipoanza kuiva alikuwa katikati ya kitabu. Kidole kinatembea, midomo inatembea, sauti inapanda na kushuka panapostahili. Alipofika kwa mjane wa msituni alikuwa anasoma vizuri kuliko padri msaidizi. Majirani walianza kupita nyuma ya jiko kwa visingizio, mmoja anaomba chumvi, mwingine asiye na mbuzi anatafuta mbuzi, wasikie. Nilikuwa nakohoa kidogo ili wajue mwalimu yupo.

Halafu mama akasema herufi zinacheza. Nikakubali kusafiri. Nilikwenda Bukoba kumtafutia miwani, na kwa kuwa sikutaka kumchukua mama kwenye gari nikavaa mwenyewe miwani za muuzaji, moja baada ya moja, nikijaribu kukisia macho ya mtu mwingine. Mdogo wangu alikuja kunichukua akanikuta nimevaa jozi ya tano, naona barabara imepinda. Aliniambia, mbele ya muuzaji, kwamba sijawahi kununua kitu chenye akili tangu mume. Tukanunua hiyohiyo ya tano.

Mwisho wa wiki alikuja nyumbani kuisikia shule yangu. Mama akasoma kurasa tatu mfululizo. Mdogo wangu alitokwa machozi, akayafuta na kanga, kisha akafanya jambo ambalo mimi kwa mwaka mzima sikulifanya. Akaenda jikoni akarudi na mfuko wa sukari.

"Profesa, mpe asome na hii."

Nikamwambia asilete dharau.

"Dharau gani? Ni mfuko. Umeandikwa maneno mawili."

"Mtu anasoma habari za watunga sheria wa Amerika, wewe unamletea sukari."

"Basi mpe gazeti. Mpe karatasi ya dawa ya mbuzi. Mae, hebu tazama hapa."

Mama akaushika mfuko, akatazama, akaniangalia mimi. Nilimnyang'anya. Nikasema tuna utaratibu wetu, kitabu kwanza kiishe. Mdogo wangu akacheka akasema kweli wewe ni mtoto wa mwalimu. Mama akainama kuokota maganda ya ndizi. Leo nikikumbuka uso wake naona alikuwa ameshukuru.

Misa ya mwaka ikapita. Jumamosi iliyofuata ukoo ukakaa. Wanaume kwenye viti, wanawake chini kwenye nyasi upande wa jiko, kama ilivyo siku zote. Kahawa ya kutafuna ikazungushwa, mtungi wa lubisi, pombe yetu ya ndizi, ukawekwa kivulini. Baba mdogo alizungumza kwa upole mwingi kuhusu kaka yake. Kisha katibu wa ukoo, mtu wa makamo mwenye kazi ofisi ya kata, akasoma muhtasari. Alisoma kwa Kiswahili cha mahakamani, haraka, mara anatupia Kihaya penye salamu na kukitoa penye mambo. Nilishika nusu. Nilikuwa mbali, na upande wetu kulikuwa na mtoto analia.

Baba mdogo akavuta kile kidude cha wino. "Shemeji, karibu hapa."

Mzee mmoja wa ukoo, ndiye mkubwa wao wote na ndiye pekee ambaye sijapata cha kumlaumu, akanyanyua mkono. Akasema mjane asomewe tena, polepole, kwa Kihaya, na mtu asiye na maslahi. Kwamba karatasi ya mwanzo ilileta maneno, hii isilete.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Mwaka mzima wa kusoma vitabu na sikujifunza kunyamaza. Nilisimama kwenye nyasi, binti asiyehesabiwa, nikasema kwa sauti ya baba, "Haina haja. Mama anasoma mwenyewe."

Viti vyote viligeuka. Sitawaficha kwamba nilijisikia vizuri. Mzee akauliza, "Kweli?" Wanawake wa upande wetu, wale waombaji chumvi, wakajibu kwa niaba yangu kwamba ni kweli, wamemsikia kwa masikio yao, anasoma kama maji. Katibu akatazamana na baba mdogo. Kisha akampelekea mama karatasi kwa mikono miwili.

Mama alitoa miwani kwenye kanga, akavaa. Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Kidole kikatembea. Midomo ikatembea. Alipofika mwisho wa mstari alishuka kama inavyopaswa, akaendelea. Hata yule mtoto aliacha kulia. Mimi sikuwa namtazama mama. Nilikuwa natazama nyuso za watu wakimtazama mama. Alichukua muda mrefu, nikafikiri anapima kila neno, nikafikiri, wameshapatikana leo. Alipomaliza ukurasa aliinua kichwa. Akanitafuta kwa macho kwenye nyasi mpaka akanipata. Nikaitikia kwa kichwa kumpa moyo.

Akaomba kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Vigelegele vilipigwa. Nilipiga na mimi. Katibu alimpiga picha akiwa ameshika kalamu, na kabla lubisi haijaisha picha ilikuwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na chini yake pongezi na maua: hongera mama msomi, elimu haina mwisho. Baba mdogo aliandika kwamba kaka yake huko aliko anatabasamu.

Nakala yetu niliisoma jioni ileile, kuku bado hawajaingia. Nyumba na migomba ya chini mama abaki navyo mpaka kufa kwake. Kahawa ya juu, mibuni yote na ardhi yake, inarudi kwa ukoo chini ya usimamizi wa baba mdogo kuanzia siku hiyo. Na mwisho kabisa, juu ya jina lililoandikwa kwa mkono niliofundisha mimi: nimesoma mwenyewe na kuelewa, na nimekubali kwa hiari yangu.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anapuliza moto.

"Mae, hapa hukuona?"

Aliendelea kupuliza. Kisha akasema, "Niliona 'na'. Zilikuwa nyingi."

Nilidhani ananitania. Sisi tunataniana. Nikamletea kitabu chetu nikamwambia asome, akasoma kurasa nzima bila kukwama, mjane, msitu, barua za majirani, na nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake nikaona kitu nilichokitazama asubuhi baada ya asubuhi bila kukiona. Kitabu kile kina karatasi iliyoliwa na mchwa. Nimeshakisoma mara nyingi, kwa hiyo tukifika hapo mimi huwa nasema yaliyokuwemo kwa kichwa, kisha tunaendelea na ukurasa unaofuata. Mama alifika kwenye ile karatasi isiyokuwepo. Akaisoma. Kidole kilitembea juu ya tundu, kikashuka mstari baada ya mstari kwenye hewa, sauti ikapanda na kushuka panapostahili.

Nilimwacha amalize.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ulikuwa umefurahi," akasema. "Na mimi nilidhani ndiyo hivyo. Nilidhani ikishakaa kichwani ndiyo kusoma. Mpaka siku ya sukari." Akaweka sufuria motoni. "Siku ya sukari nilijua. Lakini watu walikuwa wameshaniita msomi."

Mdogo wangu alikuja kutoka Kashai siku iliyofuata. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alisema bado kuna baraza la kata, na kwamba jambo ni jepesi: karatasi inasema amesoma mwenyewe, mtu hajui kusoma, basi karatasi ni ya uongo. Aseme tu.

Tukaenda. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mama mmoja mstaafu, mtulivu, aliyetusikiliza mpaka mwisho. Baba mdogo alionyesha simu yake, ile picha, na pongezi zote, na katikati ya pongezi kulikuwa na yangu. Nilikuwa nimeweka maua matatu. Mwenyekiti akasema mbele ya wote kwamba yeye anaona mambo mawili tu. Kama mjane alisaini bila kujua kilichoandikwa, hati hiyo itarudi kwa ukoo ikaanze upya. Kama alikijua, yeye hana la kufanya. Akachukua tangazo la chanjo ya kuku lililokuwa mezani, akamwambia mama hahitaji kulieleza chochote baraza. Asome mistari miwili, au aseme hawezi. Basi.

Kwenye mabenchi walikaa wanaume wa ukoo na nusu ya wanawake wa jumuiya yetu. Mama alilitazama tangazo. Hakulishika. Akaomba radhi kwa mwenyekiti, akasimama.

"Najua kusoma," akasema. "Mwanangu amenifundisha."

Mwenyekiti alimuuliza mara ya pili, kwa sauti ya chini, kama anayemwonyesha mtu mlango. Mama akarudia vilevile. Mdogo wangu alitoka nje. Baba mdogo, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliangalia chini.

Tulirudi kwa miguu, yeye mbele. Sikuweza kuvumilia mpaka nyumbani. Nilimwambia ilikuwa maneno mawili tu, sijui kusoma, na kahawa ingerudi.

"Wangecheka," akasema bila kugeuka.

"Wangekucheka wewe siku moja. Au mimi. Mimi nimeshazoea."

"Wangetucheka watatu, waitu. Mmoja hawezi kujitetea."

Nilihesabu barabarani, mama, mimi, na wa tatu nikamkumbuka tulipokaribia makaburi. Baba aliishi na mama miaka yote ile asimpe hata herufi moja, na mama amemlipia heshima yake kwa kahawa ya juu. Nilitaka kusema hivyo. Nilikuwa na sentensi nzuri tayari. Kwa mara ya kwanza nikanyamaza, nimechelewa, lakini nilinyamaza.

Msimu ule kahawa ilichumwa na watu tusiowajua. Tulikuwa tunawasikia juu wakicheka, na vikapu vikikwaruza. Mama aliacha kukaa nyuma ya jiko, kwa sababu kutoka pale kahawa ya juu inaonekana. Kitabu nilikirudisha chini kabisa ya sanduku, na majirani, ambao habari ya baraza iliwafikia ikiwa imenyooshwa, waliendelea kumwita msomi kwa heshima kamili. Mimi waliacha kuniita Profesa. Sijui nani aliwaambia.

Ilipita kama miezi miwili. Asubuhi moja alinikuta nachambua maharage akaniambia nilete ile karatasi. Nikauliza ipi, kama mjinga.

"Ile niliyosaini. Ile siijui kichwani."

Tulianza upya. Safari hii nilifundisha kama mtu mwenye hofu. Nilikata kadi kwenye boksi la sabuni nikaitoboa tundu, nikawa namwonyesha silabi moja tu, nyingine nimezifunika. Naruka mstari, narudi nyuma, nachanganya, ili kichwa chake kile kikubwa kisinizidi ujanja. Alikasirika. Alisema namwinda kama panya. Maneno matatu kwa asubuhi, siku nyingine moja. 'Muhtasari' lilituchukua siku mbili na likamtoa jasho. Hakukuwa na wimbo, hakukuwa na kupanda na kushuka, sauti yake ilikuwa mbaya, inakwama, inagonga, inarudi. Hakuna jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Nilitaka tutumie kitu kingine. Nilimwambia tuna gazeti, tuna mifuko ya sukari kama mdogo wangu alivyosema, hii karatasi inaumiza bure. Akakataa. Alipofika kwenye mstari wa kahawa aliusoma kipande kwa kipande mpaka mwisho, ma-mi-bu-ni kwanza akakosea, mi-bu-ni yo-te, akauliza kama 'yote' maana yake ni hiihii ya kila siku. Nikasema ni hiyo. Akaendelea na mstari uliofuata.

Mstari wa mwisho aliumaliza baada ya miezi miwili, asubuhi ya mvua, tukiwa jikoni. Aliniondolea mkono na kadi yangu. Alisema nimfunulie wote. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza, na nilikiangalia kidole, siku hiyo sikuangalia kitu kingine.

"Ni-me-so-ma," akasema. "Mwe-nye-we. Na. Ku-e-le-wa."

Akarudia kwa kuunganisha, polepole, kwa sauti yake ile mbaya. Kisha akaikunja karatasi mara nne.

"Sasa ndiyo kweli," akasema, akaniambia maharage yanaungua. Yalikuwa yanaungua.